Besi kuvuma kwenye chumba kidogo
Umeuliza kwa nini besi inavuma chumbani mwako na kama uziuze spika zako. Spika za kusimama chini zenye wufa (spika za ndani zinazotoa besi) mbili za inchi 8 ni kubwa mno kwa chumba cha mita 3 kwa 3.5, wufa moja ya inchi 5 au 6 ingetosha. Ila kabla hujaziuza, zitoe kwenye kona, maana kona ndiyo inayokuza besi. Ziwe sentimita 50 hivi kutoka ukuta ulio nyuma yake, na umbali wa ukuta wa pembeni usilingane na huo. Kiti nacho kisiegemee ukuta: urefu wa mita 3.5 huvimbisha sauti nzito za karibu Hz 49 (mitetemo 49 kwa sekunde), na ukutani ndiko zinakojaa. Twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Kama boksi la spika lina tundu nyuma, jaribu kuliziba kwa soksi ili besi ipungue. Kweli, soksi.