Spidi ya Honda Rebel 250: nilichokiona mwenyewe Texas

Ndugu wengi tulioko huku Marekani wakipata hamu ya pikipiki, kitu cha kwanza kukiangalia ni Rebel 250, maana iko chini, miguu yote miwili inakanyaga, nyepesi, na used yake haitishi mfukoni. Halafu wananitumia meseji: mkuu inakimbia ngapi? Yangu, nikiwa peke yangu, barabara tambarare, hakuna upepo, mshale unagota kwenye maili 80 kwa saa, yaani kama kilomita 129. Siku moja upepo ukinisukuma kwa nyuma niliona 85. Nikimpakia mke wangu hata 70 inapatikana kwa shida.

Sasa shida inaanzia hapo, mtu anasikia 80, kibao cha barabarani kinasema 75, anaona mbona inatosha na chenji inabaki. Haitoshi jamani, na nitawaambia nilivyolijua hilo.

Ukitoka Austin kushuka Seguin kuna barabara ya kulipia, State Highway 130, ina kipande kinachoruhusu maili 85, hakuna kibao cha juu zaidi ya hicho Marekani nzima. Niliingia pale mwezi wa tatu, upepo unatoka kusini na mimi ndiko ninakoelekea, kwa hiyo ni wa mbisho mtupu. Niko gia ya tano, mafuta nimevuta mpaka mwisho, na mshale unashuka tu, 74, 71, 68. Nikarudisha namba nne, ikapanda kidogo lakini injini inalia mpaka naisikia kwenye mapaja. Kwenye kioo semitrela limejaa. Mkono wa kulia hauna kitu cha kuongeza, umefika mwisho, na huo ndio woga ambao sitaki mtu mwingine aujue kwa kuupitia. Lile lori lilipopita upepo wake ulinisukuma pembeni halafu ukanivuta kulifuata, nikabana tanki kwa magoti, njia ya kutokea ya kwanza nikatoka.

Hii haimaanishi pikipiki ni mbovu. Ni cc 234, silinda mbili, nguvu haifiki farasi 20, na upepo ukikimbia nao haukuhurumii: kutoka maili 60 kwenda 80 spidi imeongezeka theluthi moja tu, ila nguvu ya kupasua upepo inatakiwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kufika 60 inakwenda vizuri kabisa, ukivuka 70 unahisi kama unaendesha kwenye tope.

Kuna wanaobadilisha sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, wanatoa ya meno 14 wanaweka ya 15. Mimi nimefanya, na naipenda, ukiwa 60 injini inatulia na mtetemo wa mikononi unapungua. Lakini usiifanye ukitegemea spidi ya juu iongezeke, nguvu ni ile ile, kwenye kilima utarudi namba nne mapema zaidi. Kabla hata ya kununua sproketi, pima upepo wa tairi na uangalie cheni, ikiwa kavu au imekaza sana inakula nguvu ambayo tayari ni chache.

Ushauri wangu, chukua spidi ya mwisho toa 15, hiyo ndiyo uihesabu kuwa yako. Kwa Rebel inabaki 65. Kwa hiyo barabara za ndani na zile za mashambani za FM (Farm to Market) ni zake kabisa, mimi FM 20 kati ya Bastrop na Lockhart naimaliza bila kujibana popote. Na hapa Texas haiwei nyingi zina barabara ya pembeni inayokwenda nayo sambamba, tumia hiyo, utachelewa dakika chache. Ila kama kazi yako inakulazimisha haiwei kila asubuhi, ongeza hela uchukue Rebel 500, usijidanganye kwamba utazoea.

Kingine, Rebel 250 haina geji ya mafuta, ina koki tu ya kufungulia mafuta ya akiba. Ukiikimbiza juu ya 70 inakunywa haraka kuliko ulivyozoea mjini, mimi nikijaza tanki naangalia odomita, zikifika maili 120 naanza kutafuta sheli.