Usilipe hiyo Shadow kabla gurudumu la nyuma halijavuliwa

Mkuu, hiyo hela irudishe mfukoni kwanza. Umesema Jumamosi unakwenda Dar kuchukua Honda Shadow 750 iliyotumika, muuzaji kakuambia "hii ni ya shafti, haina cheni, haina gharama, wewe ni oili tu", na kabla ya kuanza safari ya kurudi Lindi utapita kwa fundi tairi yeyote akufungie tairi mpya ya nyuma. Halafu ukauliza gharama za service, ulaji wa mafuta, bima, na kama mafundi wa huku kwetu wataiweza. Mimi nimegota hapo kwenye "haina gharama" na hapo kwenye "fundi tairi yeyote". Niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, yakanila zaidi ya milioni moja.

Cheni haina, hilo kweli. Sasa jiulize nguvu inafikaje kwenye gurudumu. Shafti, yaani chuma kirefu kinachozunguka badala ya cheni, inapita upande wa kushoto, mwisho wake kuna difu ndogo (kasha la gia za nyuma), na difu hiyo inashikana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa meno. Meno ya difu yanaingia kwenye meno ya habu kama vidole vya mikono miwili. Watu wengi wanadhani oili ya difu inayafikia. Haiyafikii. Oili ile inalainisha gia za ndani tu. Haya meno ya habu yanaishi kwa grisi aliyoipaka fundi wa mwisho kuvua gurudumu, basi. Honda wanataka pesti ya molibdeni, ile nyeusi nzito inayong'ang'ania kidole mpaka unaosha na sabuni mara tatu. Grisi ya kawaida ya bodi gurudumu linairusha, inabaki chuma kwa chuma, na kila unapovuta resi na kuachia, meno yanalana.

Yangu niliinunua Dar baada ya msimu wa korosho uliokwenda vizuri. Tairi ya nyuma ikaisha. Saizi ni 160/80-15, na nilizunguka Mtwara mjini nzima nikaonyeshwa za bodaboda na za magari, rimu ya 15 ya pikipiki hakuna. Nikaagiza Dar, ikaja na basi, shilingi 310,000 bila nauli. Nikaipeleka gereji moja. Nilikuwa nimekaa pale pale chini ya mwarobaini wakati fundi anachomoa gurudumu. Nilimwona kwa macho yangu anachukua kitambaa, anakichovya kwenye petroli, anaisugua ile pesti nyeusi yote mpaka meno yanang'aa. Nikamuuliza, hapo si panarudishwa grisi? Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Grisi inakusanya mchanga bro, hapa pakae pakavu." Nikanyamaza. Yeye ndiye fundi.

Baada ya miezi kadhaa ikaanza sauti. Ukiachia resi, tak. Ukivuta, tak. Nikarudi kwake, akapanda, akazunguka nayo uwanjani, akasema ndivyo zilivyo pikipiki kubwa. Nikampigia muuzaji wa Dar, naye akacheka: "Shafti hiyo mzee, itakuzika wewe." Mpaka leo nikiikumbuka ile kauli napata moto kifuani. Fundi wa huku simlaumu kwa kutoijua Shadow, anashinda na Boxer na TVS na huko mikono yake ni ya dhahabu. Namlaumu kwa kujibu kitu asichokijua. Yule wa Dar alikuwa anajua, biashara yake ndiyo hiyo.

Siku ya siku nilikuwa nakwenda Masasi kwenye arobaini ya baba mdogo. Nimepita Mtama, sijafika Nyangao, nikaingiza gia ya tatu niupande mwinuko. Ikalia krrrr, kama mashine ya kukoboa inapokosa mahindi. Injini inanguruma, gia imo, klachi nimeachia, pikipiki inapunguza mwendo yenyewe mpaka imesimama. Nikajaribu ya kwanza, krrrr. Mtakaocheka chekeni, ila hiyo pikipiki ni zaidi ya kilo 220 na saa saba mchana jua la Lindi mnalijua. Vijana watatu waliotoka kuokota mabibo ndio walionisaidia kuisukuma mpaka kwenye kivuli. Arobaini sikuiwahi. Nilirudi Mtwara nimekaa nyuma ya kirikuu, nimeikumbatia pikipiki isidondoke.

Tulipovua gurudumu, unga mwekundu ukamwagika chini kama pilipili ya kusaga. Ile ni kutu ya chuma kilichosagana kikavu. Meno ya habu yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno, nilipopitisha kidole yakanichana. Ya difu nayo hivyo hivyo, kwa hiyo ningebadilisha upande mmoja tu, ule mbovu ungeula ule mpya. Habu iliyotumika 420,000. Difu iliyotumika 780,000. Kirikuu 150,000. Pesti ya molibdeni, tyubu moja, 45,000. Jumla 1,395,000 na wiki sita za kusubiri mzigo. Katika hiyo hela yote, kilichotakiwa tangu mwanzo ni ile tyubu ya 45,000, na bado ninayo nusu.

Hizo service nyingine zinabebeka. Oili inaingia kama lita mbili na nusu, ila nunua ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayoogesha klachi, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Plagi ni nne, mbili kila silinda, wengine wanabadilisha mbili za nje wakidhani wamemaliza. Mapezi ya injini yasikudanganye ukaona inapozwa na upepo, ina rejeta, na inataka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), si maji ya bomba. Valvu ni za skrubu, fundi mwenye fila (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) na utulivu anazirekebisha. Na kwa sisi wa pwani, ukiilaza nje karibu na bahari, chumvi inaanza na kromu ya egzosi. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ifute, ilale ndani.

Sasa Jumamosi. Mwambie muuzaji, kabla ya bei, gurudumu la nyuma livuliwe mbele yako. Haina stendi ya kati, kwa hiyo jeki aandae yeye. Akisema "haina haja, shafti haisumbui", panda basi urudi Lindi. Likivuliwa, futa meno kwa kitambaa umulike kwa tochi ya simu, ya habu na ya difu. Kichwa cha jino kikiwa bapa, na upana sawa pande zote, hiyo ni nzima. Kikiwa kimechongoka, au ukikuta unga mwekundu, bei yake ipungue kwa difu na habu, au iache. Zikiwa nzima, paka pesti mwenyewe, hapo hapo, ndipo lirudishwe. Dar ukikosa hiyo pesti kwenye maduka ya spea za pikipiki, ulizia maduka ya spea za magari.

Na tairi mpya usimpe yeyote aifunge bila wewe kusimama pale, hata kama unamwamini kama ndugu yako. Mimi sasa, gurudumu langu la nyuma halivuliwi kama sipo na tyubu yangu mkononi. Fundi akitaka kufuta, nafuta mimi.

Ukishavua, piga picha meno ya pande zote mbili, habu na difu, kwa karibu uziweke hapa hapa. Jumamosi nitakuwa hewani tangu asubuhi. Usitoe hata ya kishika uchumba kabla sijaziona.