Maswali na Majibu: Mshale wa Mizunguko Si Mita ya Mafuta

Barua za safari hii karibu zote ni za wenye magari ya spoti ya manyuali, yaani ya gia za mkono, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nitumie gia vipi nisimalize tangi? Naanza na ile fupi kuliko zote.

Kwa nini gari langu linakula sana mafuta?

Gari gani? Injini gani? Na "sana" ni lita ngapi kwa kilomita 100? Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha mpaka tangi likaribie kuisha, jaza tena kwa namna ileile, kisha piga hesabu. Namba ya kwenye dashibodi isikutoshe. Mara nyingi inalipendelea gari. Ukishapima, andika upya.

Kwenye mteremko mrefu naweka nyutro, yaani natoa gia, ili injini ishuke hadi mizunguko 800 kwa dakika. Bila nyutro inabaki 3,000. Nimeokoa kiasi gani?

Hili tena! Hujaokoa kitu. Umepoteza, na umejiweka hatarini.

Injini yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta hukata mafuta unapoachia eksileta huku gia imeingia. Petroli hukatwa yote, hakuna hata tone linaloingia. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inakusaidia kuzuia gari. Mafuta hurudi ukikanyaga tena, au mizunguko ikishuka karibu na silensa (injini inapounguruma bila kukanyagwa), kwenye magari mengi kati ya 1,000 na 1,500. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kujizungusha yenyewe, na hilo halifanyiki bila petroli. Injini ya lita 2 iliyokwisha kupata moto hula takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa ikiwa silensa tu. Kwa hiyo zile 3,000 zinazokutisha ni za bure, na hizo 800 unazojivunia ndizo unazolipia.

Mshale ule unaonyesha kasi ya injini basi. Haujui kilichoingia ndani. Wanaosoma mizunguko kana kwamba wanasoma bili wamenichosha.

Najua yuko atakayeniandikia kwamba kwenye mteremko mdogo sana, ambako gari likiwa kwenye gia linapunguza mwendo na kumlazimu akanyage tena, nyutro humfikisha mbali zaidi. Kwa hesabu tupu ana haki. Barabarani, mteremko mrefu unaouteremka kwa breki peke yake unachemsha breki mpaka zinafifia, na dharura ikitokea huna gia ya kukutoa. Sheria za nchi nyingi zinakataza, tena kwa sababu nzuri. Kama gari lako ni la zamani lenye kabureta, lile halina kompyuta ya kukata mafuta, lakini breki zake ndizo za kuaminiwa kidogo kuliko zote. Acha gia ndani.

Nina Toyota 86. Nipandishe gia kwenye mizunguko mingapi? Rafiki yangu anasema nisipite 2,000 na nikanyage kidogo kabisa.

Nusu ya kwanza ya ushauri inakaribia ukweli. Tambarare, pandisha kati ya 2,000 na 2,500, mlimani ongeza. Nusu ya pili ndiyo kosa.

Injini ya petroli hupumua kupitia mlango wa hewa unaoufungua kwa mguu wako. Ukikanyaga kidogo, mlango unabaki umefungwa karibu wote na pistoni zinavuta hewa kwa taabu, kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija. Sehemu ya petroli inaishia kwenye kuvuta huko. Ukiufungua mlango zaidi, taabu inapungua. Ndiyo maana kwa nguvu ileile unayoihitaji ni nafuu kuwa gia ya juu, mizunguko michache, mguu umezama kiasi, kuliko gia ya chini, mizunguko mingi, mguu unaogusa tu. Anayejikokota kwa gia ya tatu akidhani ana mguu mwepesi anakula mafuta kuliko aliyekanyaga vizuri na kuingia ya sita mapema.

Kanyaga kati ya nusu na theluthi mbili, pandisha gia bila kuchelewa, fika mwendo unaoutaka, ingia ya juu kabisa, legeza. Usizamishe mguu mpaka chini. Mchanganyiko wa kawaida ni hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu 1 kwa uzito. Ukikanyaga mpaka mwisho, kompyuta huongeza petroli mpaka uwiano ushuke kwenye 12 au 13, na ile ziada haipati hewa ya kuungua nayo.

Hukuuliza, lakini breki ndizo zinazomaliza tangi kuliko gia zote sita. Mwendo wote huo umeununua kwa petroli. Ukiukimbilia mkusanyiko wa magari unaouona kwa mbali halafu ukafunga breki, umeugeuza kuwa joto. Achia eksileta mapema, gia ikiwa ndani, mafuta yakatike, usogee hapo taratibu.

Naweza kuruka gia, yaani kutoka ya pili mpaka ya nne au ya tatu mpaka ya sita?

Ndiyo.

Kampuni ya Marekani ya General Motors walilifanya lazima kwenye gari lao la spoti. Corvette ya mwaka 1989, ilipopata giaboksi ya gia sita, ilikuja na kifaa kinachoziba njia ya gia ya pili: ukitoka ya kwanza polepole, injini ikiwa imepata moto na mguu mwepesi, mkono wa gia unajikuta umesukumwa kwenye ya nne. Lengo lilikuwa vipimo vya serikali, maana Marekani ina kodi ya magari yanayokula mafuta, iliyotungwa mwaka 1978, na baadaye mstari wake ukawekwa kwenye maili 22.5 kwa galoni, yaani karibu lita 10.5 kwa kilomita 100. Wenye magari walikichukia kifaa kile, na wengi hukikata hadi leo. Nawaelewa, hakuna dereva anayependa mkono wake kuongozwa. Ila fikra yenyewe ilikuwa sahihi: injini yenye nguvu ya kutosha chini haihitaji kupitia kila gia.

Gari langu lina turbo. Mshale wa kupandisha gia kwenye dashibodi unaniambia niingie ya sita nikiwa kilomita 55 kwa saa. Nikikanyaga, gari linatetemeka. Niufuate?

Ufuate ukiwa tambarare na huongezi mwendo. Ukitaka kuongeza, shusha gia kwanza. Mshale huo uko hapo kwa sheria, na Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya ya manyuali kuanzia mwaka 2014. Haujui kwamba mbele kuna kilima.

Mtetemo unaousikia ni injini iliyoelemewa: mizunguko ni michache mno kwa kazi unayoipa. Kwenye injini za turbo (zinazosukumiwa hewa ya ziada) zenye nozeli zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kukanyaga kwa nguvu ukiwa chini ya mizunguko 2,000 au hivi kunaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya plagi kutoa cheche. Tukio moja la namna hiyo, likiwa kali, linaweza kuvunja pistoni. Flaiwili ya vipande viwili, lile gurudumu zito lenye springi kati ya injini na klachi, nayo haipendi kutikiswa hivyo. Petroli utakayookoa hailipi hata boliti za kazi hiyo.

Kukanyaga klachi mara mbili na kupiga eksileta kwa kisigino wakati wa kushusha gia kunapunguza matumizi?

Hapana. Kunasaidia gari litulie kwenye kona na kunapunguza ulaji wa klachi. Klachi ya mara mbili huihitaji kabisa kama sinkronaiza zako, zile pete zinazolinganisha kasi za gia, ni nzima. Nissan 370Z ilianza kukupigia hiyo eksileta yenyewe tangu modeli ya 2009, kwa hiyo hata sifa imepungua.

Mazda MX-5 yangu ya zamani ya gia tano inapiga kelele sana kwenye kilomita 120 kwa saa. Nibadilishe difu iwe ndefu zaidi?

Difu ni gia za mwisho kabla ya magurudumu, na ikiwa ndefu injini huzunguka kidogo kwa mwendo uleule. Pima kwanza bei yake, kisha endesha 100. Ukitoka 100 kwenda 120, ukinzani wa hewa unaongezeka asilimia 44, na hakuna difu inayoufuta. Baada ya hapo ndipo tuzungumze uwiano.

Gia ya mwisho haina maana moja kwenye kila gari. Kwenye MX-5 ya kizazi cha nne yenye gia sita, ya sita ni moja kwa moja, uwiano wa 1.00 (injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka giaboksi nayo huzunguka mara moja), na urefu unatoka kwenye difu ya 2.866. Porsche 911 ilipopewa gia saba za manyuali, mwendo wake wa juu kabisa ulibaki kwenye ya sita. Ya saba ni ya safari tu. Wewe una tano, na zilipangwa karibukaribu ili gari dogo lenye nguvu kidogo lichangamke. Ukiirefusha difu utapunguza kelele, na utaanza kushusha gia kwenye kila kilima. Mimi ningeiacha.

Petroli ya oktani ya juu itanipunguzia matumizi?

Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mbano bila kujiwakia. Kama mtengenezaji hakuidai ya juu, hapana. Kama ameidai, usibane hapo.

Mazda RX-8 ni lita 1.3 tu. Nikipandisha gia kwenye 2,000 kila siku, itakula kama gari dogo?

Haitakula hivyo hata ukiisukuma. Hiyo 1.3 ni ya rotari, injini yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, na haihesabiki kama pistoni. Chumba chake cha kuchomea ni kirefu na chembamba, petroli nyingine hutoka haijaungua, na injini yenyewe imeundwa kuchoma oili kidogo ili kulainisha sili zake, yaani vizibo vya kwenye rota. Ukiilaza kwenye 2,000 maisha yake yote, inajaza masizi na sili zinakwama. Mwendo wa kawaida pandisha mapema kama gari lingine lolote, ila ikishapata moto ipeleke juu mara kwa mara, kuelekea ile 9,000 iliyotengenezewa. Na usiizime ikiwa baridi baada ya kuisogeza hatua chache, maana hapo ndipo inapofurika petroli na kugoma kuwaka. Oili kagua kila unapojaza tangi.