Uliza Fundi: Kadi mpya, Linux ya zamani

Mwezi huu barua karibu zote ni za gemu, sijui ni kwa sababu Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 2025 watu wakakimbilia Linux (mfumo endeshi wa bure) au ni likizo tu inawasumbua, vyovyote vile tuanze na hii maana wanne wameandika kitu kilekile.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimejichanga nikanunua kadi ya picha ya AMD, RX 9060 XT ya 16GB, nikaichomeka kwenye mashine yangu yenye Linux Mint 22, sasa maandishi kwenye kioo yamekuwa makubwa kama ya bango, Dota 2 inaenda picha mojamoja na feni za kadi hata hazizunguki. Jamaa wa dukani ananiambia niingie tovuti ya AMD nishushe draiva, ile programu ya kuiendesha kadi. Au nimeuziwa kimeo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Tulia mkuu, kwa dalili hizo kadi yenyewe ni nzima. Fungua teminali andika inxi -G halafu tafuta palipoandikwa renderer. Nategemea utakuta neno llvmpipe badala ya jina la kadi, na ukiliona hilo jua kadi imelala, prosesa ndo inachora kila kitu yenyewe, na prosesa hata iwe kali vipi kazi ya kuchora gemu haiiwezi. Ndo maana feni zimetulia, hazina cha kupoza.

Sasa kwa nini. Kwenye Windows tumezoea ukinunua kadi unashusha draiva basi imeisha. Kwa AMD upande wa Linux draiva inakuja na mfumo wenyewe, nusu yake iko ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) inaitwa amdgpu, na nusu nyingine iko kwenye Mesa, ambayo ndo inaongea na gemu. Mint 22 ilitoka Julai 2024 ikiwa na kerneli 6.8 ya Machi mwaka huohuo, kadi yako imetoka Juni 2025. Yaani hiyo kerneli ilipotengenezwa kadi ilikuwa haipo sokoni, itaijuaje? Hapo hata ubofye setingi zote za gemu mpaka asubuhi hakuna kitakachobadilika.

Unachotakiwa kufanya: apdeti kwanza kila kitu kwenye Update Manager (andaa bando, sio mafaili madogo), hakikisha linux-firmware (programu ndogo zinazoingizwa ndani ya vifaa) na Mesa zimepanda, Mesa iwe 25.0 au zaidi, halafu humohumo ingia View, kisha Linux Kernels, chagua 6.14 au mpya kuliko hiyo, instoo, washa upya. Andika uname -r uone kama kweli umeingia kwenye kerneli mpya, maana kuna watu wanainstoo halafu hawarestati, wanarudi kulalamika. Kama hutaki usumbufu wote huo shusha Mint 22.2, inakuja na 6.14 tayari.

Kitu kimoja kinachowakamata wengi. Kuna wanaoshauriwa waweke neno nomodeset ili kioo kiwake wakati wa kuinstoo, likabaki humo, na likiwepo amdgpu haifanyi kazi hata kerneli iwe ya jana. Andika cat /proc/cmdline, ukiliona neno hilo kalitoe kwenye faili la /etc/default/grub, halafu sudo update-grub, washa tena. Ukirudi kwenye inxi -G unatakiwa usome radeonsi na jina la kadi yako.

Na huyo jamaa wa dukani mwambie asante ila hapana. Furushi la tovuti ya AMD linawafaa zaidi watu wa maofisini na wa mahesabu mazito, sio wewe wa Dota. Draiva ya Vulkan (njia ya gemu kuongea na kadi) inayotumika kwenye gemu ni RADV, iko ndani ya Mesa, na cha kuchekesha ilianzishwa 2016 na watu ambao hata sio wa AMD, ikaizidi ya AMD wenyewe mpaka 2025 wakaiacha AMDVLK yao wakasema sasa ni RADV. Kwa hiyo ukiapdeti mfumo umeshaapdeti draiva, hakuna cha kuhangaikia.

SWALI: Salaam ndugu yangu. Mimi nina kadi ya RTX 5060 kwenye Ubuntu 24.04 (aina nyingine ya Linux), kila nikiweka draiva ya NVIDIA nikiwasha naona giza tupu. Nirudi Windows? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa alaikum salaam, usirudi bado. Kadi za RTX 50 haziwaki na moduli (vipande vya draiva vinavyoingia kwenye kerneli) za zamani za NVIDIA zilizofungwa, zinataka zile za wazi tu, ambazo msimbo wake mtu yeyote anaweza kuusoma. Kwenye orodha ya draiva utaona majina mawili yanayofanana, moja mwishoni lina neno open, chukua hilo, na uanzie toleo la 580 kupanda juu. Kisha kuna Secure Boot, ulinzi unaokagua programu wakati kompyuta inawaka. Kama iko on unaweza kuombwa utunge nenosiri wakati wa kuinstoo, na ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu inayosubiri sekunde 10 tu, hapo bonyeza kitufe chochote haraka, chagua Enroll MOK, weka lile nenosiri. Wengi wanaiona ile bluu wanashtuka wanaiacha ipite, moduli inakataliwa, ndo giza hilo.

Nikuambie ukweli pia, gemu za DirectX 12 (teknolojia ya Microsoft ya kuchora gemu) kwenye NVIDIA zinapoteza fremu kiasi ukilinganisha na Windows, AMD haiumii hivyo. Kama ungeniuliza kabla ya kununua ningekwambia AMD, lakini ndo umeshanunua, na inacheza.

SWALI: Nina kibanda cha gemu, mashine nne, nataka zote niweke Linux niachane na gharama za leseni. Wateja wangu asilimia kubwa ni EA Sports FC na Fortnite. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Bosi, usifanye hivyo, wateja watakukimbia wiki hiyohiyo. Kadi haina kosa hapo wala Linux haina kosa. Proton, ambayo Valve waliitoa 2018 kwa ajili ya kuendesha gemu za Windows ndani ya Steam (duka lao la gemu), ingeweza kuziendesha vizuri tu, tatizo ni programu za kuzuia wachezaji kudanganya (anti-cheat), FC inatumia ya EA ambayo inataka Windows, Fortnite wenyewe wamekataa, Valorant hivyohivyo, na Apex Legends iliyokuwa inacheza kwenye Linux ilifungiwa mwishoni mwa Oktoba 2024. Kabla hujahama, kila gemu ya mteja iangalie kwenye tovuti ya ProtonDB, watu wanaandika humo inacheza au haichezi na kwa kadi gani. Kama ungekuwa na wateja wa Counter-Strike 2 na Dota 2 ningesema hama leo, zile zina toleo la Linux kabisa. Labda mashine moja ujaribie, tatu ziache.

SWALI: Kadi yangu ya AMD, RX 9070, nimeiunga na TV kwa HDMI, TV ina uwezo wa 4K kwa 120Hz lakini Linux inanipa 60 tu. Waya mbovu? – Msomaji, Arusha

JIBU: Waya hauna shida. Wenye HDMI, lile shirika lao la HDMI Forum, mwaka 2024 waliwakatalia AMD kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva ya wazi, kwa hiyo umebaki na uwezo wa 2.0, na huo kwa 4K yenye rangi kamili unaishia 60Hz. Ukiwa na monita tumia DisplayPort, huko hakuna mambo hayo. Kwa TV ambayo haina tundu la DisplayPort, shusha rezolusheni hadi 1440p uone kama itakupa 120, au tafuta adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI 2.1, ila uliza kabisa dukani kama wanakubali kurudishiwa, kuna zinazofanya kazi na kuna zinazozimazima picha.