Ndizi, kamba na thina: maswali yenu wiki hii

Mwalimu, tangu utotoni naona kile kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe. Ndiko plastiki yetu ilikotoka?

Siko, mwanangu. Kiwanda kile kilianza 1963, kikaacha kusafisha mafuta ghafi 2013, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa petroli, dizeli, mafuta ya taa na gesi ya kupikia. Plastiki inataka tanuri jingine kabisa. Nafta, ile sehemu nyepesi ya mafuta ghafi, huchanganywa na mvuke wa maji, ikapitishwa kwenye mabomba yenye joto la nyuzi 800 na ushei kwa muda usiotimia hata sekunde moja. Molekuli ndefu hukatika, zikatoka gesi: ethilini, propilini, butadieni ya mpira wa matairi. Tanuri hilo Kenya hatuna. Sisi plastiki hutufikia bandarini Kilindini ikiwa chembe ndogo mfano wa mchele, viwanda vyetu vikaziyeyusha na kuzitia kwenye kalibu.

Mimi ni mvuvi wa Likoni. Kamba yangu yaelea, wavu wazama, na vyote twaviita nailoni. Mbona?

Kwa sababu kamba yako si nailoni. Ni polipropilini, mtoto wa propilini, nyepesi kuliko maji. Hata lile gunia la mchele tunaloliita "la nailoni" ni hiyo hiyo. Nailoni yenyewe asili yake ni benzini (kemikali itokanayo na mafuta ghafi; siyo petroli, msichanganye), na ni nzito kuliko maji kidogo tu, basi inazama. Kamba yako usiianike juani ovyo. Jua huila mpaka ikatoa unga mkononi.

Nauza ndizi Kongowea. Nimeambiwa eti zaiva kwa gesi ya plastiki. Ni uzushi?

Si uzushi, mama, ila ndizi ndiyo iliyotangulia. Ethilini huitoa yenyewe ikikaribia kuiva, ndiyo maana bibi zetu walifukia mkungu mbichi pamoja na chane iliyokwisha iva. Gesi hiyo hiyo, molekuli zake zikiungana kwa maelfu, huwa polithini: mtungi wa maji wa lita 20, na ile mifuko iliyopigwa marufuku Agosti 2017.

Linaloniudhi ni kabaidi, yale mawe ya kemikali ambayo wengine huivishia ndizi. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi ya wachomeleaji, nayo huihadaa ndizi kama ethilini. Ganda linakuwa manjano, ndani bado ngumu kama muhogo. Tena kabaidi ya gereji huwa na uchafu wa arseniki na fosforasi. Mteja akirudi na ndizi yake kulalamika, mpe haki yake.

Thina imetengenezwa na nini? Nipo gereji ya rangi, Magongo.

Mara nyingi ni viyeyusho viitwavyo toluini na zailini, pengine na asetoni ndani. Fungua milango unapopiga rangi, na usioshee mikono thina: hupenya ngozi. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha sabuni.