Ua la Mama na Paka wa Nyumbani

SWALI: Jambo, Mama. Nina ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo, lile wanaloliita potosi. Marehemu mama yangu alilibeba ndani ya ndoo tulipokimbilia Sake mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, na akarudi nalo Goma. Sasa limo kwenye kopo la maziwa ya unga, saloni. Nalimwagilia kila asubuhi, lakini majani yanageuka manjano na kudondoka. Tena paka wetu anafukua ule udongo na kukojoa humo. Mume wangu anasema nichague, ua au paka. Bila paka, panya watatumaliza. Nifanyeje?
Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Pole sana, binti yangu. Usichague, utabaki na vyote viwili.

Leo usilimwagilie. Kopo lako lina tundu chini? Hukusema, na makopo ya maziwa hayana. Maji ya kila asubuhi yanatuama, mizizi inakosa hewa na kuoza. Ukiona manjano unadhani ni kiu, unaongeza maji. Mkojo wa paka nao una chumvi nyingi, unaichoma mizizi iliyosalia.

Ling'oe polepole, suuza mizizi, uilaze kiganjani. Mzizi mzima ni mweupe, haubonyei. Uliooza ni wa kahawia na unateleza. Ukiuvuta, ngozi inavuka kama soksi, unabaki uzi mtupu. Kata yote ya namna hiyo kwa mkasi safi. Udongo wa zamani utupe. Toboa kopo kwa msumari, matundu matano au sita, kisha panda kwenye udongo mpya uliochanganywa na changarawe nyeusi ya volkano. Sisi wa Goma tunanung'unika kwamba tunaishi juu ya mawe, lakini mawe haya yana vitundu, maji na hewa vinapita, mizizi inayapenda. Makubwa kidogo yapange juu mpaka udongo usionekane, kwa sababu paka hutafuta mahali palaini. Mpe beseni lake la mchanga, na uchafu uondoe kila siku, la sivyo atarudi kwenye ua. Baada ya hapo, mwagilia tu kidole kikiingia udongoni na kutoka kikavu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jambo ambalo hukuuliza: potosi ina sumu kwa paka. Ndani ya majani mna chembe zenye ncha kama sindano. Paka wangu alitafuna jani moja jioni, akawa anadondosha udenda na kujifuta mdomo kwa miguu ya mbele, akakataa hata sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nilimsuuza mdomo kwa maji, kesho yake akala. Wako akitapika sana au akivimba mdomo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo litundike juu, karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali, na matawi yanayoning'inia uyafupishe.

Yale unayokata yatie kwenye chupa za maji, kila kipande kifundo chake, pale jani linapochipukia, kikiwa majini. Baada ya wiki mbili tatu utaona mizizi myeupe. Weka vipande vitatu, si kimoja, katika chumba kinachofungwa mlango, na uanze navyo leo kabla ya kuling'oa ua. Ikiwa mizizi yote ya kopo imeshaoza, ua la mama yako litaendelea kutoka kwenye chupa hizo.