Jeki Ilipanda, Gari Likabaki Chini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale alinitumia picha tatu za Toyota yake. Ya kwanza inaonyesha rangi iliyovimba juu ya gurudumu la nyuma, malengelenge manne au matano, kila moja kama punje ya mahindi. Akaniuliza: "Mzee, si nikikwangua kidogo nikapiga rangi inatosha? Nataka kuliuza kabla ya Krismasi."

Nilimjibu saa hiyo hiyo, tena kwa ukali. Baadaye nikaona nimemwonea, maana hasira ile haikuwa yake. Ina mwenyewe, na ni ya siku nyingi. Kijana, hili ndilo jibu lako kamili. Nivumilie, nitaanzia mbali.

Mimi ni wakala wa forodha Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Magari yaliyoshushwa Mombasa napishana nayo kila siku. Karatasi za mnada za Japani nazisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na namba inayofuata ni ukali wake. Najua pia kwamba gari lililoishi Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kung'aa juu huku tumbo lake limekwisha. Wateja huniletea picha niwaambie nunua au acha, na sijawahi kumtia mtu hasarani. Isipokuwa mtu mmoja tu, nafsi yangu.

Gari lenyewe lilikuwa Premio ya mwaka 1999, na aliyeniuzia ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jina silitaji, watu wa nyumbani wanasoma. Ilikuwa Agosti 2020, kwake Mukono. Rangi ya fedha, mpya, inateleza kama samaki. Sikuinama hata mara moja kutazama chini. Nani atalala chali chini ya gari la shemeji yake, tochi mdomoni, na baba mkwe amekaa kibarazani anasubiri mnywe chai? Nilizunguka mara moja, nikapiga tairi teke kama wafanyavyo wasiojua magari, nikahesabu hela.

Mwaka uliofuata, usiku, natoka Kampala kurudi nyumbani, tairi la nyuma kushoto likapasuka karibu na mashamba ya mpunga ya Kibimba. Nikatoa jeki, nikaiweka pale pale kiwandani walipopakusudia, chini ya kizingiti cha mlango, nikaanza kuzungusha. Jeki ikapanda. Gari halikupanda. Nikadhani ardhi ni laini, nikaweka kipande cha ubao, nikazungusha tena. Nikasikia sauti kama mtu anavunja biskuti, na kichwa cha jeki kikazama ndani ya gari mpaka shingoni. Kikaanza kumwagika kitu: vipande vya puti (ule udongo wa mafundi wa kusawazisha bodi) vinene kama kigae, murram nyekundu ya barabarani, na karatasi zilizolowa.

Karatasi! Nilivuta moja kwa mwanga wa simu. Gazeti la Kiluganda, ukurasa wa michezo, limesokotwa na kusokomezwa ndani ili puti ipate cha kushikilia. Tarehe ilisomeka vizuri. Siku 11 kabla sijalipa.

Mtu atasema labda fundi ndiye aliyemdanganya shemeji. Hata mimi nilijitahidi kuamini hivyo, wiki nzima. Lakini siku ile ananikabidhi funguo aliniambia, "Shemeji, usiliinue ovyo ovyo, gari la zamani hilo." Nilidhani ni upendo. Kikulacho ki nguoni mwako; changu kilikuwa kizingitini.

Nilivyofika Tororo sitasimulia. Nilivyomweleza mke wangu, hilo nalo tuliache.

Niende kwenye gari. Premio na magari madogo ya aina yake hayana chesisi ya kusimama peke yake kama lori. Bodi ndiyo mifupa, na vizingiti vya milango ni sehemu kubwa ya mifupa hiyo. Kikioza kile, si urembo ulioharibika. Gari lenyewe linaanza kupinda katikati, milango inagoma kufunga, na siku ya ajali hakuna cha kukukinga ubavuni.

Nilitoa viti, nikakunja zulia. Juu zulia lilikuwa kavu kabisa. Chini yake, ule usufi mzito ulikuwa umekunywa maji kama sponji, na bati la sakafu linatoka magamba. Maji yalitoka wapi? Nilikaa Jumapili nzima na ndoo, namwaga huku na kule, mtoto wangu amekaa ndani na tochi anapiga kelele, "Baba, hapa!" Yalikuwa yanaingilia chini ya waipa, kwenye lile bonde kati ya boneti na kioo. Lilijaa majani ya mwembe yaliyooza yakawa mbolea, na tundu la kutolea maji limezibwa kabisa.

Hapo nikakumbuka. Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wa korona, magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani kwa karibu miezi miwili, na Premio ile ilishinda chini ya mwembe wa shemeji msimu wote wa masika. Kutu yenyewe ilikuwa ya miaka, miezi ile iliimalizia tu. Maji yakashuka sakafuni, yakaingia kizingitini, yakatafuta njia ya kutoka. Vizingiti vina vitundu chini kwa kazi hiyo. Vya gari hili vilikuwa vimejaa murram, na fundi wa magazeti akavipaka puti juu. Akafunga mlango, mwizi yumo ndani.

Ndiyo maana namwambia yule kijana: lengelenge ulionalo ni moshi, moto uko upande wa pili wa bati. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba na kuisukuma rangi. Mpaka rangi ivimbe kwa nje, mara nyingi bati limeliwa kutoka ndani. Usikwangue. Fungua. Ingiza mkono ndani ya tao la gurudumu, kule kwenye ukingo uliokunjwa, utoe tope. Likivunjika bati kidoleni, umepata jibu na hukulipa mtu.

Sehemu nyingine za kukagua ni zile ambazo maji na uchafu vinalala: midomo ya chini ya milango, chini ya tairi la spea kwenye buti, chini ya betri ambako asidi hudondoka, pembeni mwa raba ya kioo cha mbele. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe taratibu. Ikishika kwa uvivu mahali pamoja na kwa nguvu jirani yake, hapo kuna puti nene. Na kama unanunua, mwambie muuzaji apandishe gari kwa jeki, mbele yako, pande zote mbili. Hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alitazama sekunde kumi akasema laki tatu na nusu, kesho jioni uchukue. Nilimuuliza ataweka nini. "Mabati tu, mkubwa, halafu puti." Mabati ya nyumba! Geji 30 ni kama milimita 0.3, wakati bati la bodi ni milimita 0.7 hadi 1. Tena yana zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta unapochomelea unakuletea homa usiku kama ya malaria. Nikamshukuru, nikaondoka.

Wa pili alikuwa mzee mmoja hapa Tororo. Alichukua bisibisi, akagonga kizingiti chote kutoka mbele hadi nyuma akisikiliza, kisha akasema hawezi kunipa bei mpaka akate. Nilichukia. Leo hii, fundi anayenitajia bei kabla hajagusa bati simpi gari.

Kazi ilikwenda hivi. Betri ikachomolewa, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuua vifaa. Ndoo mbili za mchanga zikawekwa karibu, kwa kuwa mabomba ya petroli yanapita chini ya sakafu. Mzee akachomelea kwanza chuma cha kushikilia nafasi ya mlango ili gari lisipinde, akakata upande mmoja tu. Upande wa pili haukuguswa mpaka wa kwanza ulipokwisha. Alikata hadi chuma kikang'aa, na kila nilipodhani amefika alisogea sentimita mbili zaidi. Nilitaka kulia. Bati la milimita 1 nilikuwa nimelifuata Katwe, ile ya Kampala. Alilishika kwa nukta nukta kwa mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba, akihama huku na kule ili lisipate joto likajikunja. Ile mashine ya fimbo wanayochomelea mageti ingelitoboa.

Sehemu zenye kutu ya juu juu, zisizo na tundu, tulizisugua kwa brashi ya waya na kupaka dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu ikawa nyeusi na kutulia. Haizibi tundu, asikudanganye mtu. Praima, ile rangi ya msingi, ilipakwa siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kitupu kikilala usiku mmoja kwenye unyevu wetu, asubuhi kimeshakuwa na rangi ya chai. Puti ilikuja mwisho kabisa, nyembamba kama siagi kwenye mkate wa maskini. Puti inakunywa maji. Ukiipaka juu ya kutu umeifunika kwa blanketi bichi. Halafu vitundu vya chini vikaachwa wazi, na ndani tukapulizia nta.

Hela zilizokwenda zingenunua pikipiki. Watu walinicheka: kwa nini usinunue jingine? Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilikataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Tulio na ya zamani tutunze tulicho nacho au tujiandae kulipia kipya, na mimi kipya sina uwezo nacho.

Kwa hiyo kijana wangu wa Mbale, usiliuze hivyo. Nakuomba. Kuna mtu atakayeweka jeki usiku, na mkewe atakuwa garini. Kunja zulia, mwaga maji, tazama yanakoingilia, nitumie picha za ndani. Ukiona kazi ni kubwa, liuze likiwa limefunguliwa, mnunuzi alione lilivyo, hata ukipata nusu ya bei. Hela ya puti huliwa, lakini hukutani tena na macho ya mwenzio bila kutazama chini. Nimemwona mtu wa namna hiyo, kila sikukuu namwona.

Mwezi jana shemeji alinipigia simu. Binti yake ana kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wanahitaji gari la kubebea wazee, na Premio yangu, alisema, "bado inapendeza." Mke wangu alinitazama tu. Ijumaa alikuja kulichukua. Nilimkabidhi funguo, nikafungua buti nikamwonyesha spea, kisha nikapiga magoti kwenye majani, nikamwita naye apige magoti, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka jeki.